Fundi Aliyetaka Uushike Waya

Zamani gari lilipotoka gereji mwenye gari aliondoka na grisi kiganjani na maelezo kichwani. Siku hizi anaondoka na kalamu ya bure, harufu ya marashi ya plastiki puani, na picha yake akiwa amesimama mbele ya boneti ambayo hakuifungua.

Nimeyaona yote mawili. Nilikuwa na duka la vipuri vya mtumba, na ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Watu walimwita Baridi. Kama alikuwa na jina jingine, walilijua waliomzaa.

Jina alilipata hivi. Alikuwa fundi umeme wa magari, na gari lolote lililoletwa kwake kwa shida ya chaji halikuondoka mpaka mwenye gari ashike waya kwa mkono wake. Injini inanguruma, taa zote zinawaka, na yule bwana au bibi ameinamishwa chini ya boneti. Anaanzia kwenye alternata, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini na kuzalisha umeme. Anaufuata waya kwa kiganja mpaka kwenye betri. Kisha anarudi kwa njia ya pili: kutoka betri mpaka bodi ya gari, na kutoka bodi mpaka injini, kwenye ule waya mpana wa kusukwa ambao mafundi wanauita waya wa ethi. Akikuta joto mahali popote, kazi inarudiwa. Asipokuta, anatamka "baridi," na gari ni lake.

"Umeme unakwenda na unarudi," alikuwa akiwaambia. "Mafundi wengi wanausindikiza tu. Hawaendi kuupokea."

Siku moja alikuja mwenye duka la vitambaa, shati jeupe, saa inametameta mkononi.

"Fundi, mimi nimekuja kuchukua gari. Sikuja kusomea kazi."

"Sikusomeshi. Shika."

"Nitachafuka."

"Maji yapo, sabuni ipo, na mke wangu yule pale atakupa taulo. Shika, bwana mkubwa, haung'ati."

Akashika kwa ncha za vidole, uso ameugeuza pembeni kama mtu aliyebeba panya kwa mkia.

"Vipi?"

"Kawaida."

"Kawaida ndiyo nini? Hata chai ina kawaida yake. Moto au baridi?"

"Baridi!"

"Sema na mama asikie."

"Baridi, jamani! Mama, ni baridi!"

Dada yangu alicheka mpaka akaangusha mkasi. Yule bwana alinawa, akaondoka amenuna, na akawa mteja wao mpaka anaingia kaburini.

Sisemi Baridi alikuwa malaika. Alikuwa mbishi na mwenye majivuno. Akikuta kazi mbovu ya fundi mwingine ndani ya gari, aliita majirani waje kuicheka, na kama huyo fundi alikuwa jirani, ndivyo alivyozidi kuita. Mara ngapi tuligombana mimi na yeye juu ya kipuri nilichomuuzia, tukakaa bila kusemezana, dada yangu akibeba maneno yetu kuvusha barabara kama tarishi, mwisho akachoka na kupaza sauti: "Nyie wazee, miguu yangu si ya kutumwa! Njooni mtukanane ana kwa ana!"

Dada yangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, na kazi yake ilikuwa kuvisha nyaya. Hakuutaka utepe wa plastiki. Alisema wakati wa joto unatoa jasho la gundi na kukung'ang'ania kama mlevi anayekuaga. Alitumia utepe wa kitambaa, akaukaza kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo, yote yakielekea upande mmoja. Hakuna mteja aliyewahi kuyaona mafundo yale, kwa kuwa yalikaa nyuma ya dashibodi na chini ya mazulia. Aliyapanga hivyo hivyo.

Nyuma ya gereji palikuwa na vyumba vyao viwili. Vibati vya skrubu vilikaa rafu moja na vikombe. Ukinywa chai kwao ulikuwa unanusa risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa na mafuta ya injini, na mezani ulisogeza koleo kwanza ndipo upate pa kuweka sahani. Leo wangesema ni uchafu. Mimi nasema uchafu nimeuona baadaye, na ulikuwa unang'aa.

Gari lao wenyewe lilikuwa la spoti, kuukuu, la viti viwili, fupi kama kiatu, na paa la turubai linalokunjwa. Baridi alilinunua likiwa mzoga nyuma ya kiwanda kilichofungwa, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Alilifufua polepole, kipande kwa kipande, vingine kutoka dukani kwangu, vingine akivifinyanga mwenyewe kwa bati na tupa. Lilikuwa jekundu, au liliwahi kuwa jekundu. Lilifubaa mpaka likawa rangi ya tofali la kuchoma.

Kisha dada yangu akaanza kuumwa nyonga. Kutembea kukawa adhabu. Kwenye teksi alilia, kwenye kiti cha sebuleni alihangaika. Lakini kile kiti cha gari la spoti, kilicho chini karibu na ardhi, ambacho ukikaa miguu inanyooka mbele yako kama uko kitandani, nyonga yake ilikikubali. Basi kila Jumapili alasiri alifunga kitambaa kichwani, akateremshwa kitini kama trei ya mayai, turubai likakunjwa, na mumewe akampeleka kwenye barabara za nje ya mji kupigwa na upepo. Walirudi wakibishana na kucheka, nywele zake zimejaa vumbi. Nataka hili lieleweke kabla sijaendelea: matembezi yake yote yalikuwa hayo. Bila gari lile, dada yangu alikuwa mtu wa kitanda na dirisha.

Walizaa mtoto mmoja wa kiume. Watu walimwita Mng'aro, kwa sababu tangu mdogo alipopewa gari la mteja alioshe, alimaliza siku nzima kwenye vifuniko vya magurudumu na kusahau kioo cha mbele. Alikua, akaoa, baba yake alipoanza kusumbuliwa na macho akaachiwa gereji. Si mjinga yule. Angekuwa mjinga ningemhurumia. Anaijua kazi; baba yake alimfundisha mwenyewe. Aliamua tu kwamba kazi haina faida, chenye faida ni sura ya kazi.

Alianza na sakafu. Akaweka vigae vyeupe, vile vya kuteleza, na msichana wa kuvipangusa kila anapopita mtu. Akaweka kioo kizima mbele badala ya mlango wa bati. Akaning'iniza chupa za marashi zinazopuliza zenyewe ukutani, fyuu, fyuu, kama nyoka waliojificha, mpaka ukitoka humo unahisi umelamba sabuni. Injini za wateja akazifunika kwa vifuniko vya plastiki ili mtu akifungua boneti asione injini. Nilimuuliza ni ya nini.

"Mjomba, mteja wa leo anataka kujisikia."

"Kujisikia nini?"

"Kujisikia tu. Vizuri."

"Na gari likimzimikia barabarani?"

"Atanipigia simu nimpelekee gari la kumvuta. Nalo tumeliandika jina la duka, mjomba, ubavu mzima. Hilo pia ni tangazo."

Aliyasema haya akitabasamu, bila haya hata kidogo.

Kigoda cha mama yake kilipelekwa stoo. Meza ya baba yake, yenye jiriwa la kubania chuma na alama za moto za maisha mazima, iliwekwa kwenye ujia wa kuelekea chooni. Baba mwenyewe akavishwa fulana ya njano iliyoandikwa kifuani MSHAURI MKUU. Nilipomwona nayo mara ya kwanza nilisimama mlangoni kwangu nikapiga kelele ng'ambo ya barabara:

"Mshauri! Unashauri nini leo?"

"Nashauri ufunge mdomo, shemeji, nzi wataingia!"

Tulicheka, lakini alikuwa ameshika ukosi wa ile fulana kama unamkaba.

Jumapili moja walirudi matembezini giza linaingia, na dada yangu alikuwa amekasirika kweli.

"Taa zinakufa!" alinieleza hata kabla hajatolewa kitini. "Tukisimama kwenye makutano zinakuwa kama njiti ya kibiriti. Lori limetujia pale likidhani sisi ni kopo lililotupwa."

"Sindano ya chaji ililala kushoto njia nzima," Baridi alisema. "Alternata imezeeka. Na hata ilipokuwa kijana ilitengenezwa kwa taa mbili na honi."

"Basi ioe nyingine," dada akasema.

Ndipo ikaamuliwa kubadilisha. Nilimtafutia alternata ya gari dogo la familia lililogongwa ubavuni, yenye nguvu zaidi ya maradufu. Hapo mtu wa siku hizi angefungua ya zamani, akafunga mpya, akapiga picha. Baridi alijua kwamba shida ilikuwa kwenye nyaya. Katika gari lile waya wa chaji ulikuwa mwembamba, na haukwenda moja kwa moja kwenye betri. Uliingia kwanza ndani ya gari, ukapita kwenye geji ya dashibodi ili dereva aone chaji, ndipo ukarudi nje. Umeme wote wa gari ulikuwa unapita mbele ya magoti ya dada yangu. Ukiufungia waya ule alternata yenye nguvu, unataka kupitisha mafuriko kwenye mrija wa kunywea soda.

Aliifanya kazi hiyo kwenye ujia wa chooni na uani, kwa kuwa ukumbini hakuruhusiwa kuchafua vigae. Alitupa kishikizo cha zamani cha alternata, akatengeneza kingine kwa tupa mpaka puli, vile vigurudumu vya mkanda, zikakaa mstari mmoja na mkanda usiliwe. Akavuta waya mnene kutoka alternata moja kwa moja mpaka betri, na fyuzi kubwa katikati. Ile geji ya dashibodi akaistaafisha, mahali pake akaweka inayopima nguvu ya betri tu, isiyobeba mzigo. Mwisho akaweka waya mpya wa ethi, mpana kama mkanda wa suruali, na mahali pa kuufungia, kwenye injini na kwenye bodi, alikwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikabaki kitupu. Akapaka grisi juu, kuzuia unyevu.

Dada yangu alitoa kigoda chake stoo mwenyewe, akikisukuma kwa mkongojo, akakaa uani kuvisha nyaya. Ilikuwa mara yao ya mwisho kufanya kazi pamoja, na walizozana tangu asubuhi.

"Wewe mwanaume, waya huu umeukata mfupi."

"Mfupi wapi? Unatosha."

"Unatosha kama suruali yako ya harusi ilivyotosha."

"Shemeji, msikie! Suruali ile aliishona kaka yake mwenyewe!"

"Niliishona kwa vipimo ulivyotoa wewe mwenyewe," nilijibu, maana kabla ya vipuri nilikuwa fundi cherehani, "ukiwa umejibana pumzi."

Injini ilipowashwa, Baridi alimsogeza karibu na boneti, akamshika kiwiko ili asianguke. Dada alitembeza kiganja, kwenda na kurudi, bila haraka. "Baridi," akasema. Taa zilisimama imara hata injini ilipolala chini kabisa. Mzee yule alifuta miwani yake kwa ncha ya fulana ya Mshauri Mkuu, akaiacha chafu zaidi.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kuandika.

Mng'aro alikuwa anajiandaa kufungua rasmi duka lake jipya, ile gereji ya vigae, mbele ya watu, na alitaka gari la wazazi liwe mbele, kama kielelezo. "Baba, ni urithi," alisema. "Watu wanapenda urithi." Wazazi walipokwenda hospitali na dada akalazwa kwa ajili ya nyonga, mume akishinda kando ya kitanda, kijana akaliingiza gari ndani. Likapigwa rangi nyekundu ya mdomo. Chini ya boneti likapakwa rangi nyeupe, nzito, tabaka juu ya tabaka, kila pembe, mpaka ukadhani ni bakuli la choo. Akaongeza feni kubwa ya umeme, spika nyuma ya viti, na taa kali za mbele zinazoweza kumpofusha mtu mchana. Utepe wa kitambaa wa mama yake akaukata kwa kisu, kwa kuwa "unaonekana wa kizamani," akazivika nyaya mabomba ya plastiki ya rangi. Na ule waya wa ethi aliufungua ili apake rangi, kisha akaurudisha juu ya rangi. Hata boliti yake akaipaka, ifanane.

Huyu ni mtoto aliyefundishwa kukwangua chuma kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alijua kwamba umeme haupiti kwenye rangi. Lakini doa la chuma kitupu kwenye ule weupe lingeharibu picha.

Siku ya ufunguzi palijaa watu wa simu mikononi. Dada alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, kitambaa chake tayari kichwani, kwa kuwa aliahidiwa kwamba baada ya maneno watapanda gari lao waende zao. Alipoiona ile rangi, alisema tu, "Mh." Gari likawashwa. Starta, ile mota ya kuwashia injini, ilijikokota kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu kabla injini haijashika, nami nikamwona Baridi anageuza kichwa.

"Betri mpya, inazoea," Mng'aro alisema kwa sauti kubwa, watu wakacheka. Akaweka kipimo chake cha namba kwenye alternata yenyewe, akaonyesha watu: namba nzuri kabisa. Naam, alternata ilikuwa nzima. Nani alisema ni mbovu? Wakapiga makofi.

Baridi akasogea. "Sawa. Sasa nani atashika waya?"

Mng'aro akamkaribia, akanong'ona, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Baba, tafadhali. Watu wanarekodi. Mambo ya kupapasa nyaya tumeshayaacha."

"Mwanangu, starta imesikika vibaya. Nipe nafasi kidogo tu, kwenda na kurudi."

"Utaniaibisha, baba. Leo tu. Nakuomba."

Na shemeji yangu, yule mbishi, aliyemlazimisha mwenye duka la vitambaa, aliyewahi kumfungia ofisa wa polisi uani mpaka ashike, alitia mkono mfukoni. Nimeona mambo mengi ya kukirihisha katika maisha yangu. Nimeona mafuta yaliyochakachuliwa na breki za kadibodi. Lakini ule mkono kuingia mfukoni, huku watu wakipiga picha, ndio unaonirudia ninapokula.

Waliondoka wakipungiwa mikono, feni inavuma, muziki wa mtoto wao unadunda, taa zote zimewashwa mchana kweupe kwa ajili ya picha.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dada. Kwenye barabara iliyonyooka kando ya maghala alisikia harufu kama soli ya kiatu iliyowekwa motoni. Akamwambia mumewe, "Kuna kitu kinaungua." Baridi akaondoa mguu kwenye mafuta ili asimame. Gari halikupungua mwendo. Likaendelea kuvuta, injini inalia, pedali imelala chini kama imekufa, na mbele yao mkokoteni wa matofali unavuka. Breki zilishindana na injini, zikashindwa. Alizima ufunguo, akapinda usukani, wakaingia kwenye mtaro na kusimama kwenye lundo la kokoto. Mkokoteni ulisalimika. Mume alipasuka paji la uso. Mke alivunjika kifundo cha mkono, na ile nyonga, iliyokuwa imetoka tu hospitali, ikarudi huko huko.

Nilifika na pikapu yangu wakiwa bado wamekaa kwenye kokoto wakisubiri gari la wagonjwa. Nilifungua boneti, na sikuhitaji kutafuta. Umeme ulikataliwa njia na rangi, basi ukarudi kwa njia nyingine iliyounganisha injini na bodi: kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta. Kebo nyembamba ya kuvuta kwa mguu ilibebeshwa mzigo wa feni, spika na taa zote zile. Ala yake ya plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuishika kebo ndani kama gundi. Bado ilikuwa inaunguza. Mtu yeyote ambaye angepitisha kiganja asubuhi ile, hata yule wa vitambaa mwenye saa yake, angeruka.

"Shemeji," nikamwita. "Njoo uone."

Alikuja, damu inamshuka kwenye nyusi. Aliangalia kebo, akaangalia boliti iliyopakwa rangi. Akainamisha kichwa.

"Funga boneti," akasema.

"Umeona lakini?"

"Nimeona. Funga."

Hospitalini, kwenye baraza ya kusubiria, Mng'aro alikuwa na watu wawili watatu wa ule umati wa asubuhi. Nilimsikia kabla sijamwona. "Ni umri tu, jamani. Mzee alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Tumshukuru Mungu." Kisha akamgeukia baba yake, aliyekuwa anafungwa bandeji. "Si ndivyo, baba?"

Nilimtazama Baridi. Nilidhani nitasikia ngurumo.

"Ndivyo," akasema. "Mguu ulikosea."

Nilimvuta pembeni, karibu nimrarue fulana.

"Una wazimu? Watakunyang'anya ufunguo!"

"Watauchukua, ndiyo."

"Na dada yangu atatokaje?"

"Shemeji, duka limefunguliwa leo. Likisemwa leo hii kwamba limeunguza gari la wazazi wa mwenye duka, nani ataleta lake? Ana mke, mkewe ana mimba. Mimi nimeshafanya kazi yangu. Jina langu likiharibika halimlishi mtu."

"Jina lako ndilo lililomlisha yeye!"

"Punguza sauti, dada yako amelala."

Hakuwa amelala. Nilipoingia alikuwa anatazama dari. "Kaka," akasema, "usilete vita. Ni mwanangu." Wote wawili walikuwa wameshalipanga, na mimi niliyekuwa upande wao nikabaki kama mchongezi.

Niliikata ile kebo, nikaenda kuitupa juu ya kaunta ya kioo ya Mng'aro, mbele ya msichana wa kupangusa.

"Hii ni nini, mjomba?"

"Mguu wa baba yako huo."

Aliitazama. Nilimwona anaelewa, alielewa vizuri sana, masikio yalimbadilika rangi. Kisha akachukua kitambaa chenye manukato, akaishika kebo nacho asichafuke, akaiangusha kwenye pipa.

"Kebo kuukuu hiyo," akasema. "Ndiyo maana nataka wapumzike."

Alichukua ufunguo siku hiyo hiyo. Alisema ni kwa usalama wao, na watu wote wakamsifu kwa kuwajali wazazi. Gari likanyooshwa, likapakwa rangi tena, likang'olewa betri na kupandishwa kwenye jukwaa katikati ya ukumbi wa duka, na kamba nyekundu pembeni. Wateja wakaongezeka. Watu wanapenda urithi.

Niliacha kuvuka barabara. Shemeji alikuja mara moja moja kuniona, akikaa juu ya tairi pale dukani bila kusema mengi, na tulipokuwa na la kubishania hatukubishana. Dada hakuja, angekujaje? Nilimwona dirishani, juu kidogo ya lile bango la taa, akitazama magari ya watu wengine yakipita.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Jumapili alasiri. Nilikuwa nimeshafunga duka moja kwa moja, vipuri vyangu vimeuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu waliovipima kwa mizani bila kuviangalia, na nilivuka ili niage. Niliishia kwenye kioo. Walikuwa wamekaa ndani ya gari lao, juu ya lile jukwaa. Dada alikuwa amefunga kitambaa, fundo chini ya kidevu, kama siku za upepo. Shemeji alikuwa na ile fulana ya njano, mikono yote kwenye usukani. Mng'aro alikuwa anamwonyesha mteja mmoja mahali pazuri pa kusimama ili apate picha, na mke wa Mng'aro, mtoto mgongoni, anawaomba wazee watazame huku. Walitazama huku. Hawakuniona, au waliniona.

Yule mteja alipomaliza na kugeuka, Baridi alitoa mkono mmoja kwenye usukani. Ukashuka taratibu, ukaingia chini ya dashibodi, mahali ambapo waya wa zamani ulikuwa unapita, ukatulia huko. Alikaa hivyo akisubiri. Dada akamgeukia, midomo yake ikasema neno moja, kama lile la uani. Kioo kilikuwa kinene, na ndani walikuwa wamefungulia muziki.

Nilitema mate kwenye kigae chao cha mlangoni, nikaondoka zangu.